Karani wa hoteli, Malindi, na kozi ya programu ya shilingi 140,000

Mhusika wa kisa hiki ni karani wa hesabu katika hoteli ya ufukweni hapa Malindi. Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Wakati huo alikuwa na miaka 33, watoto wawili wa shule ya msingi, na mume anayeendesha tuktuk. Ana diploma ya uhasibu, alikuwa kazini mwaka wa kumi, na mshahara uliomfikia mkononi ulikuwa shilingi 38,000. Mapema 2024, kabla ya Ramadhani, alinijia na karatasi za mkataba wa kozi ya kuandika programu, zile za miezi michache ambazo wenyewe wanaziita butikampu. Akaniuliza: “Ami, nijiunge au niache?”

Mamake ni jirani yangu tangu zamani, na mimi ndiye mtu wa kompyuta wa mtaani, kwa hiyo swali lilikuwa lazima linifikie. Hunijia kila mwaka kwa sura mbalimbali. Wengi wanaouliza wanataka kujua kama chuo ni kizuri au ni matapeli. Chuo hiki hakikuwa cha matapeli. Kiko Nairobi, kina walimu, kina madarasa, na anayetaka husoma mtandaoni. Kulikuwa na njia mbili: miezi sita ya kutwa nzima, au miezi tisa ya jioni. Ada ni 140,000, na tangazo lao linasema asilimia 85 ya wahitimu “wako kazini ndani ya miezi sita”.

Kwanza nilitaka kujua anakimbia nini. Jibu lake halikuhusu mapenzi ya kompyuta. Pasaka ikipita, kusi linaanza kuvuma, bahari inachafuka, mwani unajaa ufukweni, na ndege za kukodi za Waitaliano zinakatika. Hoteli yao hufungwa katikati ya Aprili na kufunguliwa katikati ya Julai. Miezi hiyo mitatu wafanyakazi hurudi nyumbani bila mshahara, isipokuwa mabawabu na fundi wa bwawa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kufungwa kulirefuka mpaka akauza friji. Yeye anataka kipato kisichopangiwa na upepo. Nililiandika hilo juu kabisa ya karatasi, maana mtu akishaanza kusoma matangazo husahau alichokuja kutafuta na kuanza kutaka kinachouzwa.

Swali la pili lilikuwa kama ana kichwa cha kazi hii. Hapo sikumpa mtihani wowote. Nilimwomba anionyeshe faili lake la Excel la kila usiku.

Hoteli hupokea malipo mengi kwa M-Pesa. Mteja akilipa, weita huandika nambari ya muamala kwa kalamu kwenye bili, zile herufi na tarakimu 10. Usiku karani anachukua bili zote na kuzilinganisha na taarifa ya miamala ya laini ya hoteli. Zisizolingana huenda kwa meneja, na weita anakatwa. Huyu binti alikuwa amegundua kwamba wengi waliokuwa wakikatwa hawakuiba kitu. Mwandiko ndio uliowaponza: sifuri ilisomwa kama herufi O, moja ikasomwa kama I, na tano ikawa S. Basi akatunga fomula inayogeuza zile O zote kuwa sifuri, I zote kuwa moja na S zote kuwa tano, kwenye bili na kwenye taarifa pia, halafu ndipo ilinganishe. Nambari mbili tofauti zikigongana baada ya kugeuzwa, seli inapata rangi ya manjano ili azitazame kwa macho. Hakuna aliyemfundisha. Kisa cha kufanya hivyo, alisema, ni kwamba alichoka kuona mzee mmoja wa jikoni akikatwa pesa za watu wengine.

Nimewahi kuwahoji wenye shahada ambao hawangefikiria ile rangi ya manjano. Kusafisha data pande zote mbili kabla ya kulinganisha, na kujua wapi hila yako inaweza kukudanganya, ndiko kuandika programu kwenyewe. Lugha ya programu ni nguo tu. Kwa hiyo suala la uwezo nikalifunga hapo. Mwenye kichwa naye anaweza kununua kitu ghali bila sababu, na hilo ndilo lililobaki.

Tukaingia kwenye ile asilimia 85. Nilimwambia asizungumze na wahitimu atakaopewa na chuo, awatafute mwenyewe. Akaingia LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, akaandika jina la chuo, akawaandikia watu kumi na wawili. Saba walijibu. Wawili wanaandika programu Nairobi, na wote wawili walikuwa na shahada ya kompyuta kabla ya kujiunga. Mmoja ni msaidizi wa mwalimu katika chuo chenyewe. Wawili wanapokea simu za wateja katika kampuni za teknolojia. Mmoja amerudi benki alikotoka, kazi ile ile. Wa saba bado anatafuta.

Piga hesabu ya chuo: sita kati ya saba wako kazini, karibu asilimia 86. Tangazo halidanganyi! Sasa piga hesabu yake yeye: wangapi waliingia bila shahada ya kompyuta wakatoka wakilipwa na mwajiri wa nje ya chuo kuandika programu? Hakuna hata mmoja. Watu ni wale wale saba. Najua saba si utafiti, na pengine waliopata kazi nzuri hawana muda wa kujibu ujumbe wa mtu wasiyemjua. Hata hivyo ilitosha kumwonyesha kwamba asilimia haina maana mpaka ujue nani amehesabiwa juu na nani ametolewa chini. Anayeacha masomo katikati mara nyingi hatajwi. Anayesema “nimepumzika kutafuta” huondolewa kwenye hesabu. Anayeajiriwa na chuo huongezwa.

Hili si la Kenya peke yetu. Marekani kulikuwa na chuo kilichoanza 2017 kwa jina Lambda School, baadaye kikajiita BloomTech. Aprili 2024, wakati sisi tukiwa bado na karatasi zetu mezani, shirika la serikali ya huko linalolinda watumiaji wa huduma za fedha lilikichukulia hatua. Lilisema chuo kilitangaza kwamba asilimia 71 hadi 86 ya wanafunzi walipata kazi, ilhali takwimu zake za ndani zilikuwa karibu na 50, na wakati mwingine zilishuka hadi 30. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 2017, Dev Bootcamp ya San Francisco, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa, ilikuwa imetangaza kufunga. Hata huko kwenye soko kubwa, biashara hii haijapata kuwa na msingi imara.

Mfano ninaoupa uzito zaidi ni wa kwetu. Kampuni ya Andela ilianza Lagos 2014, mwaka uliofuata ikaingia Nairobi. Ilichuja waombaji kwa ukali, ikawafundisha kwa kuwalipa, ikawakodisha kwa kampuni za nje. Septemba 2019 ikawaachisha mamia ya waandishi programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, ikisema wateja sasa wanataka wazoefu. Wale walikuwa wamepita chujio kali kuliko mtu yeyote wa butikampu, na soko likawaambia hapana. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, ile programu ya akili bandia, na msimu huo huo kampuni kubwa za Marekani zikaanza kupunguza watu kwa maelfu: Meta 11,000, na Google 12,000 miezi miwili baadaye. Zile kurasa ndogo ambazo mwanafunzi hutengeneza katika miezi mitatu ya kwanza, leo mashine huziandika kabla chai haijapoa. Sijamwambia mtu yeyote kwamba kazi hii imekwisha, na sidhani imekwisha. Lakini mlango wa mgeni asiye na kitu kingine mkononi umekuwa mwembamba.

Sasa pesa. Hapa ndipo watu wengi huangalia 140,000 na kuuliza kama wanazo, kisha wanaishia hapo.

Tulichukua daftari. Darasa la kutwa nzima lingeanza Agosti na kumalizika Januari, miezi ambayo hoteli iko wazi na inalipa. Akiacha kazi, anapoteza mishahara sita, 228,000. Laptopu ya mtumba yenye nguvu ya kutosha, 45,000. Tuseme atatafuta kazi kwa miezi sita baada ya kumaliza, Februari hadi Julai. Katika hiyo, mitatu ni ya kusi ambayo hangelipwa hata hivyo, kwa hiyo hasara ni mishahara mitatu, 114,000. Intaneti ya nyumbani kwa mwaka mzima, 3,000 kila mwezi, ni 36,000. Jumlisha na ada: 563,000. Ada yenyewe ni robo tu ya gharama. Robo tatu haziko kwenye karatasi ya chuo.

Upande wa pili, tukakadiria, kwa kukisia tu, kwamba atapata kazi ya 70,000 kwa miezi yote kumi na miwili. Sasa hivi mwaka humletea 342,000, maana analipwa miezi tisa. Tofauti ni 498,000 kwa mwaka, yaani 41,500 kwa mwezi. Akifanya kazi hiyo akiwa Malindi, gharama inarudi kwa miezi 14 hivi. Kazi ikichelewa mwaka mzima badala ya nusu mwaka, gharama inapanda hadi 809,000 na kurudi kwake ni karibu miezi 20. Bado si vibaya sana kwa mtu mwenye moyo.

Kisha nikauliza: na kazi ikiwa Nairobi? Kodi ya nyumba, chakula, nauli za kuja kuona watoto. Nyumba mbili zinazokula kwa mfuko mmoja. Tukaweka 30,000 kwa mwezi, na alisema mwenyewe kwamba hiyo ni kidogo. Faida inabaki 11,500. Zile 563,000 sasa zinarudi kwa miezi 49. Miaka minne, kwa mama wa watoto wawili, ili arudi pale alipoanzia. Alinyamaza kidogo halafu akacheka, akasema mumewe angemwoa mwingine kabla ya hapo.

Tukarudia kwa darasa la jioni. Haachi kazi, hapotezi mshahara hata mmoja. Ada, laptopu, na intaneti ya miezi 15: 230,000. Chuo ni kile kile, walimu wale wale, cheti kile kile, na hatari imepungua zaidi ya nusu. Kwa mtu anayebadilisha kazi akiwa na familia, swali la ubora wa chuo linakuja la tatu. La kwanza ni kama mshahara wa zamani utaendelea kuingia. La pili ni nani atanunua kazi yako ya kwanza, na anaishi wapi.

Mkataba ulikuwa na mtego ambao nusura tuupite. Chuo kilitoa njia ya “lipa ukipata kazi”: 10,000 ya kuanzia, kisha asilimia 15 ya kipato kwa malipo 24 ya mwezi. Inavutia, hasa kwa asiye na akiba. Ukipata ile 70,000, utakuwa umelipa 262,000 jumla kwa kozi ya 140,000. Lakini mtu anaweza kusema, sawa, hiyo ndiyo bei ya kubebewa hatari. Tatizo lilikuwa kifungu cha kipato. Kilisema “kipato chochote cha kazi inayohusiana na teknolojia”, bila kuweka kiwango cha chini. Hata ile Lambda School niliyoitaja, ambayo ilikata asilimia 17 kwa miaka miwili na dari ya dola 30,000, haikukata kitu kwa anayepata chini ya dola 50,000 kwa mwaka. Hapa hakukuwa na sakafu wala dari. Akibaki hoteli ile ile kwa mshahara ule ule, meneja akamwita tu “wa kompyuta”, angeanza kukatwa 5,700 kwa mwezi kutoka kwenye mshahara aliokuwa nao kabla hajakijua chuo. Aliuliza kwa barua pepe kama kifungu kinaweza kurekebishwa. Walimjibu kwa adabu kwamba mkataba ni mmoja kwa wote.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa huu. Njia ya kutwa nzima, hapana. Njia ya asilimia, hapana. Ya jioni, labda, lakini si sasa. Kusi linakuja, hoteli inafungwa, una miezi mitatu ambayo haikugharimu kitu. Tumia masomo ya bure kwanza: freeCodeCamp, au kozi ya CS50 ya Harvard inayofundishwa na David Malan. Usifanye mazoezi yao peke yake. Chukua lile faili lako la M-Pesa, liandike upya kwa lugha ya programu ya Python: lisome taarifa ya miamala, lisome bili, litoe orodha ya zisizolingana. Ukifika Julai na limefanya kazi, na bado una hamu, njoo tuzungumze juu ya 140,000. Ukiwa umeacha njiani, umepoteza bando tu.

Sipendi sana ushauri wa “soma bure kwanza” unavyotolewa siku hizi, kama kwamba asiyemaliza ni mvivu. Kusoma peke yako usiku, watoto wamelala juu ya kitanda unachokalia, stima ikipotea mara mbili, ni jambo gumu. Katikati ya Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Yeye alikuwa amepakua video mapema, bahati nzuri. Alikwama hasa kwenye tarehe. Taarifa ya miamala iliandika mwaka kwanza, mfumo wa hoteli uliandika siku kwanza, na malipo ya tarehe 3 Aprili yakawa ya Machi 4. Alipoteza muda mwingi hapo, akaja akiwa amekasirika kwelikweli, akitaka kujua ni nani aliyeamua mambo haya. Nilifurahi kumwona amekasirika. Asiyefaa kwa kazi hii huja akiwa amechoka. Huyu alikuja na ugomvi.

Julai programu ilifanya kazi. Kazi iliyokuwa ikimlaza saa tano usiku ikawa ya dakika chache. Agosti akajiunga na darasa la jioni, akalipa kwa awamu, baada ya kuomba na kukubaliwa kitu kimoja kwa maandishi: haki ya kusimamisha masomo na kurudi na kundi linalofuata bila ada mpya. Kifungu hicho kilimwokoa. Desemba hoteli ilijaa, zamu zikawa za usiku, na angefeli miradi yote. Akasimama Desemba na Januari, akarudi Februari, akamaliza Juni 2025.

Na kazi? Aliomba nyingi Nairobi na za mbali, akaitwa kwenye mahojiano mawili, hakupata. Nilitarajia hivyo. Lakini mwezi Septemba hoteli ndogo ya Watamu ilimtaka awafanyie ule ulinganishi wa M-Pesa pamoja na ankara za eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa 12,000 kila mwezi wanaokuwa wazi. Kisha duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, ambalo hupokea M-Pesa nyingi kuliko hoteli yoyote, likataka vivyo hivyo kwa bei hiyo hiyo. Duka ndilo muhimu. Saruji na mabati havijui kusi. Hoteli kwa miezi tisa na duka kwa kumi na miwili ni 252,000 kwa mwaka, juu ya mshahara wake, na gharama yote ya 230,000 inarudi ndani ya mwaka.

Je, kozi ndiyo iliyoleta hayo? Tunabishana mpaka leo. Mume anasema ile programu iliandikwa kabla hajalipa hata shilingi, na wateja wote wawili walinunua kitu hicho hicho, basi 140,000 zilikwenda bure. Mke anasema bila darasa angeishia kwenye mafaili: hifadhidata ilimshinda alipokuwa peke yake, na hakuwahi kupata mtu wa kuisoma kazi yake mstari kwa mstari na kumwambia hapa umeharibu. Mimi nampa kila mmoja nusu. Programu ya kwanza ilitoka kwenye miaka yake kumi ya uhasibu. Kwamba inaendeshwa kwenye biashara mbili ambazo hazihifadhi rekodi kwa namna moja, bila yeye kuigusa kila usiku, hilo lilitoka darasani. Ingekuwa 70,000 nisingesita kusema ilifaa. Kwa 140,000 nasema ilifaa kwa tabu, na kwa sababu alikuja na kitu cha kuandikia programu. Mpwa wangu wa miaka 22, asiye na mshahara wa kupoteza wala kazi anayoijua ndani nje, nilimwambia kitu tofauti kabisa, na yeye hakupenda.

Mwezi uliopita meneja alimpa cheo kipya, msimamizi wa mifumo, kwa 47,000, na akamruhusu abaki na wateja wake wa nje. Kabla hajanipigia simu alikuwa ameshapiga hesabu ya ule mkataba mwingine: asilimia 15 ya 47,000 na ya zile 24,000 za nje ni 10,650 kwa mwezi, mara 24, ni 255,600, na elfu kumi ya kuanzia juu yake. Amenitumia picha ya hesabu hiyo kwa WhatsApp, na chini yake ameandika, “Ami, waonyeshe wengine.”